Dawati Moja na Mama Mkwe

Darasa letu la jioni la Kiingereza pale Lituhi, kando ya ziwa, nusura life kwa sababu yangu na mama mkwe wangu. Mwalimu, mgeni wa huku kwetu, alituketisha dawati moja, kisha akaniamuru nimuulize mama jina lake kwa Kiingereza.

Jamani! Kwa mila zetu mama mkwe haulizwi jina. Jasho lilinitoka hadi nadhani ziwa lilipanda. Mama naye akageukia ukutani, kitenge usoni. Darasa zima lilikuwa hivyo hivyo, jioni baada ya jioni, maana kila dawati lilikuwa na mkwe wa mtu. Mwalimu akachoka. "Kama hamtaki kuongea, wiki ijayo nafunga."

Hapo nikasimama. "Samahani mwalimu, siyo kwamba hatutaki. Tutenganishe na wakwe zetu, utatafuta pamba ya masikio!"

"Haya, kaeni kwa kazi zenu," akasema. Wavuvi wakakaa kwao, wakulima wa mihogo kwao, akina mama wauza usipa, dagaa wa ziwani, kwao, kila kundi likijifunza maneno ya kazi yake. Loo! Kelele zilifika Malawi, ng'ambo ya ziwa.

Juzi mtalii alisimama ufukweni akitaka apunguziwe bei ya usipa. Mama mkwe akamwambia, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba samaki hawajivui wenyewe. Mtalii akacheka, akanunua ndoo nzima. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mtumbwi, kwa heshima ya ukwe, kifua kimenivimba utadhani nimemfundisha mimi.