Vyungu vitatu vya Bi Eduviges

Usiku kucha Nereida alilala na simu kifuani, akingoja kuche zahanati ifunguliwe. Bintiye Itzel, wa miaka mitatu, alikuwa ametolewa damu mara ya pili, na majibu yalikuwa bado. Kipimo cha kwanza, miezi mitatu nyuma, kilionyesha sumu ya madini ya risasi mwilini, na muuguzi akauliza: "Nyumbani mnapikia vyungu vya udongo vinavyong'aa? Rangi yake mara nyingi ina risasi."

Swali hilo lilitosha. Vyungu vitatu vya maharage, ambavyo mama mkwe wake Bi Eduviges alivipakata kama vichanga kutoka kijijini kwao Michoacán mpaka huku San José, Nereida alivipasua uani kimoja kimoja, mwenye vyungu akitazama.

"Umemlisha mwanangu sumu, mchawi we!"

 Bibi alifunga mzigo wake, akaenda kupanga gereji iliyogeuzwa chumba, mtaa wa nyuma. Fermín, mume wa Nereida na mwana wa bibi wa kumzaa, aliinamia sahani akaendelea kula.

Ikapita miezi mitatu hadi kipimo hiki cha pili. Kulipokucha, simu ikalia.

"Risasi imepanda, mama," muuguzi alisema. " Ilikuwa sita, sasa kumi na moja."

"Lakini vyungu nilishavivunja!"

"Labda si vyungu. Uwanja wa ndege uko mbali na kwenu?"

Ndege ndogo ya wanafunzi wa urubani ilikuwa ikipita juu ya paa, ya nne tangu alfajiri.

"Uko nyuma ya ukuta wetu."

"Ndege ndogo bado zinachoma petroli yenye risasi. Moshi wake unaangukia udongoni. Mtoto anacheza wapi?"

Uani. Zamani bibi alikuwa akimkalisha jikoni, wakichambua maharage pamoja. Tangu afukuzwe, Nereida alishinda kwenye cherehani, na Itzel akashinda vumbini.

"Tafuteni mtu wa kukaa naye ndani," muuguzi alisema.

Nereida alimbeba mtoto mpaka gereji. Akabisha.

"Nani?"

"Mimi, mama. Nilikuonea. Ni ndege, si wewe. Rudi ukae na mjukuu wako, nakupigia magoti."

"Mjukuu wa mchawi?"

"Bibi!" Itzel aliita, akiupiga mlango kwa viganja.

Ndani televisheni ikapunguzwa sauti. Kisha sauti ya bibi ikatoka karibu kabisa, kana kwamba ameegemea mlango ule ule.

"Niletee vyungu vyangu vitatu, vizima. Hapo nitafungua."

Televisheni ikaongezwa sauti tena. Ndege ikakata kona juu yao, ikarudi. Itzel akajitia vidole mdomoni, akangoja.