Rubani Amelala Kabiro

Jumamosi nilikwenda Kabiro, kule Kawangware, kwa fundi anayetengeneza kiti changu. Alikuwa anagonga mguu wa mwisho, mama mwenye ploti ya vyumba vya kupanga akatoka mbio, kidole mdomoni.

"Wacha nyundo! Rubani amelala."

Kweli, dirishani mwa chumba kimoja lilining'inia koti lenye mistari ya dhahabu mikononi, karibu na nepi za jirani. Mwenyewe anaishi Mombasa. Huja Nairobi kama abiria, hujilaza kidogo kwenye chumba hiki cha mabati, kisha huenda kazini kurusha watu hewani.

"Mama, mimi sijawahi panda ndege," fundi alisema, nyundo bado juu. "Akisinzia huko, inanihusu nini?"

Mama akaelekeza kidole mbinguni. "Kupanda, hutapanda. Lakini hiyo kitu ikianguka, unadhani itachagua Muthaiga kwa matajiri?"

Fundi akaiweka nyundo chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Wakubwa wa mashirika ya ndege, endeleeni kututangazia usalama. Usingizi wa marubani wenu unalindwa bure na fundi ambaye hajawahi kushika tiketi. Mimi nawaandikia haya nimekalia miguu mitatu.