Spika Zilizoungua Kalenga

Baba hakuweza kusafiri kuja harusini kwangu. Kiharusi kilikuwa kimempoozesha upande mmoja na maneno yalimtoka kwa shida, mengine yakiishia kinywani. Basi mdogo wangu wa kiume alikaa naye kitandani mchana kutwa, nyumbani kwetu Iyunga, Mbeya, akamrekodi kwenye simu akitoa nasaha zake. Tulipanga zisikike Kalenga, mbele ya wakwe, kwa spika za gari la mdogo wangu.

Gari lenyewe Noah kuukuu. Spika alizinunua mpya, katikati ya mji, kwenye duka la mtu baki. Kaka yetu mkubwa naye anauza redio na spika za magari, palepale kando ya barabara kuu. Kupitwa mlangoni na ndugu yake wa tumbo moja hakukumtoka moyoni.

Nilikuwepo mdogo wangu alipokwenda kwake kutafuta amplifaya ya kuzisukuma. Aliliweka boksi la spika juu ya kaunta kwa fahari. Mbele limeandikwa kwa maandishi makubwa mekundu: WATI 1200. Kaka akaligeuza, akasoma nyuma, akatabasamu.

"Spika kali hizi," akasema. "Usizitese kwa amplifaya ndogo. Chukua hii."

"Hazitaungua, kaka?"

"Wati zote hizo ziungue na nini, dogo?"

Nilifurahi. Nilidhani wamepatana.

Kalenga tulipokelewa kwa vigelegele. Mdogo wangu alifungua milango ya Noah, akapiga muziki wa kutuingiza, na wazee wa Kihehe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha baba mkwe akaomba watu wanyamaze, mzee wa Mbeya anazungumza.

Sauti ya baba ilitoka chini mno. Mdogo wangu akaongeza. "Wakwe zangu," baba akasema, "kusimama siwezi. Lakini huyu binti..." Mdogo wangu akaongeza sauti tena, hadi mwisho. Spika zikakoroma. Sauti ya baba ikapasuka, ikawa kama ya mtu anayesukutua maji kooni, halafu ikakatika. Harufu ya waya ulioungua ikatufikia hadi kwenye viti vya mbele.

Mtu mmoja akacheka. Wakafuata wengi.

Mdogo wangu aliinama ndani ya gari akigusagusa nyaya. Kaka akainuka taratibu, akalitoa lile boksi nyuma ya Noah na kulinyanyua juu watu walione.

"Namba hii kubwa ni ya kuuzia," akasema kwa sauti ya kufundisha. "Ni kishindo cha kufumba na kufumbua tu. Mzigo ambao spika inaweza kuubeba mfululizo ni huu hapa nyuma, ulioandikwa RMS. Themanini! Amplifaya yake inasukuma mia tatu. Ninyi ni wakulima, mnajua. Mtu anaweza kunyanyua magunia mawili ya mahindi akayatua papo hapo. Mtwishe hayo hayo atembee nayo hadi Iringa mjini, muone."

"Ulijua," mdogo wangu akasema.

"Nilisoma. Wewe huna macho?"

Watu wakacheka tena, na safari hii hata shangazi zetu walicheka. Mume wangu alinishika mkono nisiinuke.

Jioni hiyo hiyo baba alipiga simu kuuliza kama wamemsikia. Mdogo wangu akamjibu, "Wamekusikia, baba. Wamekushukuru sana." Kaka akainyakua simu.

"Anakudanganya, mzee. Umeunguza spika. Watu wamecheka mpaka wamelia."

Tulisikia tu pumzi ya baba, nzito, halafu mama akaichukua simu na kukata.

Tangu hapo baba haongei na wageni. Hata mimi nikienda kumwona ananitazama tu, anaelekeza kwa kidole anachotaka: maji, blanketi, dirisha lifungwe. Mama anasema maneno bado anayo, usiku humsikia akiyanong'ona ukutani. Mdogo wangu amehamia Igawa, anabeba mpunga kwa lori la mtu, na Noah ameiuza. Kaka bado humsimulia kila mteja kisa cha Kalenga. Mara ya mwisho nilimkuta akiigiza namna baba alivyokoroma, na mteja, mtu mzima mwenye koti la heshima, ameshika tumbo kwa kicheko.