Nilipoulizwa Jina la Mheshimiwa

Iko siku moja ambayo bado ninaikumbuka, mwanangu, ya wakati wa uasi, nikiwa msichana hapa Kisangani.

Enzi hizo nilisifika kwa jambo moja: niliwajua wakubwa. Tangu uhuru magazeti yalijaa picha za mawaziri, wabunge na marais wa nchi za mbali, nami niliwashika wote kichwani, cheo na mahali pa kuzaliwa. Wanaume waliokuja kwa papa, yaani baba yangu, mshonaji wa kanzu, walifunika maandishi ya chini ya picha kwa kidole gumba na kuniuliza, "Nani huyu?" Sikukosea. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo nayo niliijua, lakini nani huikumbuka anaposifiwa?

Basi, waasi walikuwa wameushika mji, na waliwatafuta watu wa serikali ili wawaue. Asubuhi ile walimleta mtu waliyemkamata ndani ya pirogi, mtumbwi wetu wa hapa, akivuka mto kwenda Lubunga. Alivaa kaputula iliyochanika, akajiita mvuvi. Kamanda wao, kijana tu, aliniita nje ya duka la papa.

"Batu banasema unajua bakubwa yote. Bon, huyu iko nani?"

Nilimtambua papo hapo. Ndevu alikuwa amenyoa, miwani hana, lakini nyusi zile zilizokutana nilizijua: mbunge wa jimbo letu. Alinitazama, kisha akainamisha kichwa.

Kabla sijafungua mdomo, papa akacheka kwa dharau. "Huyu mutoto? Hajue kitu! Anavumbua majina tu, na batu banamuamini. Hata bei ya samaki hajue."

Watu wakaangua kicheko. Weee, mwanangu, nilichomeka! Baba yangu mzazi kunivunjia heshima mbele ya mtaa mzima! Jina lilikuwa tayari kwenye ulimi, nikataka kulitamka ili nimkomeshe papa, wala sikuwa na chuki na yule mtu. Nikamgeukia papa. Alikuwa akishona kanzu kwa sindano isiyo na uzi, ndipo nikaelewa kwamba dharau ile ilikuwa ya kumwokoa yule mtu.

"Sijui," nikasema.

Kamanda akasonya, akamwamuru yule mtu arudi kwenye mitego yake.

Walipoondoka nilingoja pongezi. Papa alisema tu, "Nimekuona. Ulitaka kuua mutu juu ya kicheko." Na ilikuwa kweli.

Leo nyinyi mnabeba sura na majina ya dunia nzima kwenye simu, na kila mmoja anataka awe wa kwanza kusema. Jifunzeni, sikatazi, elimu ni mali. Ila kabla hujataja jina la mtu, jiulize anayekuuliza atalifanyia nini. Na wakikucheka kwa sababu umenyamaza, waache wacheke, watachoka wenyewe.

Haya, mwanangu, Mungu akulinde na ulimi wako. Akupe uzee kama huu wangu, wa kulala usingizi bila jina la mtu kukuamsha.