Jukwaa la Abdiaziz na Makaa Yake

Abdiaziz, dalali wa mbuzi pale Garsen, hakuogopa mnunuzi mkorofi wala dume lenye pembe. Aliogopa cheche. Mwaka juzi kaa moja liliruka kutoka kwenye jiko lake la nyama choma, likateketeza jukwaa la mbao alilolijenga nyuma ya nyumba la kukimbilia mafuriko. Wiki mbili baadaye mto Tana ukafurika, na yeye na mkewe Hawo wakahamia kando ya barabara kuu, chini ya turubai.

Hawo hakugomba. Alisema mara moja tu, "Baba Nimo, hii jukwaa mpya ikiungua, maji ikija mimi naenda Madogo kwa dada yangu. Wewe baki na makaa yako."

Basi jukwaa jipya likalindwa kama bibi harusi. Juu ya mbao Abdiaziz alitandika bati, juu ya bati mchanga wa mtoni, juu ya mchanga matofali, ndipo jiko likapata ruhusa ya kukaa. Ndoo ya maji ilisimama zamu. Mwenye sigara alishushwa ngazi, hata awe shemeji.

Siku wazee walipokuja kumposa Nimo, binti wa Abdiaziz na Hawo, Abdiaziz alichoma mbuzi mzima pale jukwaani bila cheche kugusa ubao. Akawaonyesha bati, mchanga na ndoo. Kusema kweli, alitamba kupita kiasi. Wageni wakanawa kwa maji ya ndoo hiyo hiyo, wakala wakashiba.

Kisha, kama ada, kikatakiwa chetezo cha uvumba, wageni wasirudi kwao wakinuka nyama. Abdiaziz mwenyewe akachota makaa mekundu, akayatia chetezoni, akauvuka mchanga wake na bati lake, akakitua katikati ya mkeka uliotandikwa juu ya mbao tupu. Chetezo kilikuwa na ufa. Yeye akaendelea kueleza hatari ya cheche.

"Uvumba mzuri," mzee mmoja alisema, "lakini inanukia mkeka kidogo."

Abdiaziz aliirukia ndoo. Tupu! Hawo akamwaga birika zima la chai ya maziwa, moto ukazimika, likabaki tundu la ukubwa wa sahani kwenye mkeka na ubao wa chini yake. Wageni walicheka hadi posa ikapita bila ubishi, naye akatamani ardhi ipasuke immeze.

Novemba mto ulipanda. Hawo hakwenda Madogo. Aliketi jukwaani kando ya tundu, akichungulia kupitia humo jinsi maji yanavyopanda kwenye nguzo. Abdiaziz akaja na kipande cha ubao, nyundo na misumari ili alizibe.

"Acha hiyo, Baba Nimo. Hii ndiyo kazi moja ya maana makaa yako imefanya."

Akaweka nyundo chini, akauliza kwa unyonge maji yamefika wapi.