Swali la Baba kwa Mbunge

Niliandika lile swali mara saba. Shule niliishia darasa la saba, kuandika kwingine nimejifunza mwenyewe, na kosa dogo kwenye karatasi bado hunifanya nianze upya. Mbunge alikuwa anakuja Itigi. Mikutano yetu huendeshwa hivi: unaandika swali, unalipeleka mbele, mwenyekiti analisoma.

Nilitaka kuuliza kwa nini kadi ya bima inamtibu baba malaria, lakini haimlipii alazwe aachishwe pombe. Baba ni mfugaji nyuki. Asali yake huwauzia wapika wanzuki, pombe ya asali, kisha hurudi kuinywa ikishachacha. Daktari alimwonya asiache ghafla akiwa nyumbani, anaweza kufa. Alazwe, wiki sita.

Kila niliponakili, nilibadilisha neno. Karatasi ya kwanza ilisema "ulevi wa baba yangu." Ya saba ilisema "ugonjwa wa muda mrefu wa ndugu." Ilikuwa safi, haina mkwaruzo. Naungama: niliona aibu.

Mwenyekiti alilisoma, mbunge akajibu kwa furaha. "Magonjwa ya muda mrefu yamo kwenye bima! Swali lingine."

Baba, aliyekaa pembeni yangu, akasimama.

"Shikamoo, mzee," mbunge akasema.

"Marahaba. Huyo mgonjwa ni mimi. Ugonjwa wenyewe ni pombe."

Watu wakaangua kicheko. "Kadi ilipie na wanzuki!" mmoja akapaza sauti.

"Mzee wangu," mbunge akasema, "hiyo ni tabia. Bima hailipii tabia."

"Aliyelala nje ya neti akapata malaria, mnamlipia?"

Wakacheka tena, safari hii wakimtazama mbunge. Naye akatabasamu, kisha akashusha sauti. "Nikilipeleka hilo bungeni, mzee, wenzangu watanicheka."

"Mimi nimechekwa sasa hivi, mwanangu. Sijafa."

Mbunge hakuahidi kitu. Aliinama kidogo, akaomba swali linalofuata.

Njiani nilimwambia baba, "Nisamehe. Niliandika ndugu."

"Lakini mwandiko ulikuwa mzuri," akasema.

Kadi haijabadilika. Shangazi zangu wamechanga, michango imetosha wiki moja tu. Leo ni siku ya tatu wodini. Mikono ya baba inatetemeka, kwa hiyo namshikia kikombe cha uji. Asubuhi nilimmwagia kidogo kifuani, nikaanza kufuta na kufuta.

"Acha," akasema. "Utakauka wenyewe. Nipe kingine."