Macho Mekundu Ukutani

Juzi nilikuwa Mhunze. Akina mama walikuwa wanachora ukutani kwa udongo, chokaa na majivu, kama bibi zao walivyopamba nyumba, wakijiandaa kurekodiwa filamu ya maisha yao. Mmoja, mwenye mvi, alimchora marehemu mama yake, aliyeuawa akiitwa mchawi kwa sababu ya macho mekundu. Akayachora mekundu.

Afisa mmoja wa wilaya akaja na kopo la rangi nyeupe.

“Shikamoo mama. Hayo macho tuyapake meupe kabla kamera haijawashwa. Wageni watatuonaje?”

“Marahaba. Yalikuwa mekundu, baba. Alikuwa akipika kwa kinyesi kikavu cha ng’ombe. Ni moshi.”

“Lakini tunachafua jina la wilaya!”

Jamani! Mapanga yalipompitia bibi wa watu, jina la wilaya lilikuwa likizo? Mbona siku ile hakuna aliyekuja mbio na kopo?

 Mama yule alifuta mikono kwenye kitenge, akamsogelea afisa mpaka karibu kabisa, akamkodolea macho yake, nayo mekundu kwa moshi ule ule.

“Basi baba, anza na haya.”